Mam Tor bila gari, na mama mwenye magoti mabovu na mtoto wa miaka 8

Swali: Tunaishi Manchester. Mama yangu, mwenye miaka 66, anakuja kututembelea kutoka Lushoto katikati ya Oktoba. Amechoka kuona picha za majengo, anataka kuona milima ya huku na mashamba yake. Tumeona picha za kijia cha mawe kinachopita juu ya mgongo wa Mam Tor. Hatuna gari, mwanangu ana miaka 8, na mama magoti yanamsumbua anaposhuka. Je, inawezekana kwa siku moja? Na tunaruhusiwa kupita kwenye mashamba ya watu? Mume wangu anasema kilima cha mita 517 hakihitaji maandalizi yoyote.

Jibu: Inawezekana, na mmechagua vizuri. Mam Tor, kilima cha eneo la Peak District kati ya Manchester na Sheffield, ni kati ya sehemu chache za mashambani Uingereza ambazo familia isiyo na gari inaweza kutoka mjini asubuhi, ikasimama kileleni kabla ya adhuhuri, na ikarudi kulala nyumbani. Ila hilo la mumeo nalipinga tangu mwanzo. Lushoto mjini watu wanaishi juu zaidi ya mita 1,300, kwa hiyo 517 inaonekana kama kichuguu. Urefu hapa si kipimo. Mam Tor iko kaskazini mno, kwenye latitudo ya nyuzi 53, na juu ya mgongo ule hakuna miti wala nyumba ya kujikinga. Bondeni kukiwa na joto la nyuzi 12, juu huwa 9 au 10. Upepo wa kilomita 40 kwa saa, ambao huko ni wa kawaida, unalishusha joto linalosikika mwilini hadi karibu nyuzi 6. Ukilowa, hesabu inakuwa mbaya zaidi. Wanaopata shida pale mara nyingi si wale walioshindwa kupanda. Ni waliolowa, wakachelewa, wakashikwa na giza.

Tuanze na giza, kwa sababu Oktoba ina mtego wake. Katikati ya mwezi jua huchomoza kama saa 1 na nusu asubuhi na kuzama kama saa 12 na robo jioni, saa ya kuzama ikiwa karibu sawa na ya Lushoto. Lakini Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma kwa saa nzima, na kuanzia siku hiyo jua linazama kabla ya saa 11 jioni. Safari ikisogezwa wiki mbili mbele, mtakuwa mmepoteza zaidi ya saa moja na nusu ya mwanga wa jioni. Chukueni tochi ya kichwani kwa kila mtu mzima hata mkipanga kurudi mapema.

Treni. Kutoka Manchester Piccadilly panda treni inayosimama vituo vidogo kuelekea Sheffield. Zile za haraka zinapita Edale, kijiji kilicho chini ya Mam Tor, bila kusimama, na watu wengi hujikuta wamefikishwa Sheffield. Safari ni kama dakika 45. Kata tiketi ya kwenda na kurudi ya Hope, si ya Edale, kwa sababu Hope ni kituo kinachofuata na huko ndiko mtakakopandia wakati wa kurudi. Usinunue ile ya bei ya chini iliyofungwa kwenye treni moja maalumu. Angalia ratiba ya kurudi kabla ya kuondoka nyumbani na uiandike kwenye karatasi: treni za vituo vidogo ni chache, karibu moja kwa saa, na simu hupoteza mtandao bondeni. Mkitoka kwenye handaki refu la Cowburn mtakuwa karibu sana na Edale. Tazameni dirisha la kulia: ule mgongo mrefu ndio Great Ridge, na kilele cha mwisho upande wa magharibi ndicho Mam Tor.

Hapa ndipo watu wanapokosea mara ya kwanza. Kijiji chenyewe na umati wa wapandaji viko kaskazini mwa reli, kwa sababu njia ndefu ya Pennine Way, iliyofunguliwa mwaka 1965, inaanzia huko. Ukifuata umati utaelekea Kinder Scout, nyanda za juu zenye udongo mweusi ulioshiba maji, mahali ambapo hata wazoefu hupotea kwenye ukungu. Ninyi mnakwenda kusini. Tumieni choo kabla ya kuanza. Juu hakuna hata kimoja.

Kutoka Edale hadi Mam Tor kwa miguu ni kama kilomita 3 na nusu, na mwinuko ni karibu mita 280. Kwa mama ningependekeza asipande upande huo. Magoti yake yana kazi moja kubwa siku hiyo, nayo ni kushuka. Asiyamalize wakati wa kupanda. Gaweni msafara: wewe na mama mshuke kituo cha Hope na mchukue teksi hadi maegesho ya Mam Nick chini ya kilele, mumeo na mtoto washuke Edale na wapande kwa njia ya Hardenclough na Greenlands, inayotokea pale pale Mam Nick. Teksi iagizwe kwa simu siku moja au mbili kabla. Nje ya kituo cha Hope hakuna teksi zinazosubiri, na zile za kuita kwa programu ya simu hazitegemewi huko. Mkutane kwenye maegesho, si kileleni. Mzee asiachwe akisubiri dakika 40 juu kwenye upepo. Ninyi mnaokwenda kwa teksi mtafika mapema zaidi, kwa hiyo chukueni treni inayofuata, au mwambie dereva awapitishe polepole kwenye korongo la Winnats, ambalo peke yake linastahili safari: barabara nyembamba yenye mteremko mkali kati ya kuta mbili ndefu za mwamba wa chokaa.

Kutoka maegesho hadi kileleni ni ngazi za mawe na njia iliyosakafiwa, dakika 20 kwa mtu wa kawaida, 35 kwa mama akipumzika. Katikati mtavuka tuta na mtaro unaozunguka kilima. Hayo si mawimbi ya ardhi tu. Ni boma lililochimbwa na watu kabla Warumi hawajafika Uingereza. Mwonyesheni mtoto, maana asipoambiwa atapita bila kuona.

Kileleni pana nguzo fupi ya wapima ramani. Tazameni kaskazini: Edale yote iko chini, na nyuma yake ukuta mrefu wa Kinder Scout, mita 636. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi kutoka Manchester na Sheffield, walipanda Kinder kwa makusudi ingawa ilikuwa imefungwa kwa ajili ya uwindaji wa ndege wa matajiri. Vijana watano walifungwa jela. Mwaka 1949 ikapitishwa sheria ya hifadhi za taifa, na mwaka 1951 eneo hili la Peak District likawa hifadhi ya taifa ya kwanza Uingereza. Kisha geukeni kusini. Rangi ya nchi inabadilika: kuta za mashamba ni nyeupe, vilima vimeviringika, mito haionekani kwa kuwa maji yanazama kwenye mapango ya chokaa. Kaskazini mwa mahali mnaposimama mwamba ni wa mchanga na tope, maji yanabaki juu, na udongo ni mweusi. Mam Tor imekaa mpakani kabisa, na ndiyo maana mnaziona nchi mbili hizi kwa kugeuza shingo tu.

Ile picha mliyoiona hupigwa kutoka chini kidogo ya kilele upande wa mashariki, ukitazama mgongo unavyojipinda kuelekea Lose Hill. Kwa kuwa unatazama mashariki, asubuhi jua linakuja usoni na njia inatoka nyeusi. Kuanzia saa 7 mchana mwanga uko nyuma yako. Zile picha za bahari ya mawingu ni kitu kingine: zinahitaji usiku mkavu usio na mawingu, upepo mdogo, ardhi yenye unyevu wa mvua ya siku iliyopita, na mtu awepo juu kabla jua halijachomoza. Hewa baridi inashuka na kujikusanya bondeni, ukungu unajaa huko chini, na bomba refu la kiwanda cha saruji cha Hope linachungulia juu yake. Kwa treni hamuwezi kufika saa hizo, kwa hiyo msiikimbilie.

Sasa mnafuata mgongo kuelekea mashariki, na mwelekeo huu nausisitiza. Upepo wa kawaida huko unatoka magharibi au kusini-magharibi, kwa hiyo utakuwa mgongoni mwa mama, si usoni. Kutoka Mam Tor hadi Hollins Cross ni kama kilomita moja na nusu, karibu yote kwenye mawe bapa yaliyopangwa ili nyayo za watu zisiendelee kuila nyasi. Mawe hayo yakilowa yanateleza kama sahani yenye mafuta. Mama akanyage bapa, kwa hatua fupi, na atumie fimbo mbili za kutembelea. Zipimwe hivi: akisimama wima na fimbo ikigusa ardhi, kiwiko kiwe pembe mraba, wakati wa kushuka zirefushwe sentimita 5 hadi 10. Fimbo hizo zinapunguza mzigo wa magoti.

Hollins Cross ndiyo njia panda yenu. Ni sehemu ya chini kabisa ya mgongo, na zamani watu wa Edale walipitisha hapo majeneza kwenda kuzika Castleton, kijiji cha upande wa kusini, kabla hawajajenga kanisa lao katika karne ya 17. Amueni hapo kwa saa na kwa magoti, si kwa hamu. Mama akiwa amechoka, au saa ikiwa imepita 9 alasiri, shukeni kusini hadi Castleton. Ni kama kilomita 2, mwanzoni kokoto na mteremko, kisha kijia cha kawaida hadi kijijini, ambako kuna chai, vyoo na basi la kuelekea Hope na Sheffield.

Kuendelea hadi Lose Hill, mita 476, ni kwa mumeo na mtoto tu. Katikati kuna Back Tor, ambapo njia inapanda ghafla kwenye udongo na mawe yaliyolegea, na upande wa kaskazini ni jabali linaloporomoka wima. Mtoto ashikwe mkono, na asisogee ukingoni kupiga picha. Juu ya Lose Hill pana sahani ya chuma inayotaja kila kilele kinachoonekana. Sehemu hiyo inaitwa Ward's Piece, kwa jina la G. H. B. Ward wa Sheffield, aliyeanzisha chama cha watembeaji mwaka 1900. Mwaka 1945 alipewa ardhi hiyo, naye akaikabidhi kwa National Trust, shirika la hisani linalotunza ardhi, ili ibaki wazi kwa wote. Kutoka hapo kushuka hadi kituo cha Hope ni kama kilomita 4.

Muda ukokotoeni kabla. Kanuni ya zamani ya Naismith, ya mwaka 1892, inasema saa moja kwa kila kilomita 5, pamoja na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Edale hadi Hope kupitia vilele vyote viwili ni kama kilomita 10 na nusu, na kupanda kwa jumla ni karibu mita 450. Hiyo ni saa 2 na dakika 50, lakini ni kwa mtu mzima mwenye nguvu asiyesimama. Kwa mtoto wa miaka 8, weka kilomita 3 kwa saa: saa 3 na nusu za kutembea, dakika 45 za kupanda, na saa moja ya kula, kuuliza maswali na kufunga kamba za viatu. Zaidi ya saa 5. Wakianza saa 4 asubuhi watakuwa Hope kabla ya saa 10 jioni, na akiba ya mwanga ipo.

Kuhusu mashamba ya watu: ndiyo, mnaruhusiwa, lakini si popote. England ina njia za umma zinazopita katikati ya mashamba binafsi, na mwenye shamba hana haki ya kumzuia mtu anayetembea juu yake. Mshale wa njano kwenye nguzo ni njia ya waenda kwa miguu. Wa bluu ni ya miguu, farasi na baiskeli. Zaidi ya hapo, sheria ya mwaka 2000 ilifungua nyika na milima iliyoorodheshwa ili watu watembee hata nje ya njia. Kwenye ramani ya OS Explorer OL1, ya shirika la ramani la taifa, ya skeli ya 1:25,000, sehemu hizo zimepakwa njano hafifu. Nunueni ramani hiyo ya karatasi. Programu ya simu ni nzuri hadi betri iishe kwa baridi. Lango mlilolikuta limefungwa lifungeni, mlilolikuta wazi liacheni wazi, maana mkulima ana sababu yake, mara nyingi kondoo kufika kwenye maji. Ng'ombe wenye ndama wazungukeni kwa mbali na msipite kamwe kati ya mama na ndama wake. Moto wa aina yoyote marufuku. Udongo ule mweusi ukishika moto unaungua chini kwa chini kwa siku nyingi.

Mavazi ya mama yanataka mawazo kidogo. Dera au gauni refu linajaa upepo juu ya mgongo, linalowa pindo, na linanasa kwenye ngazi za kuvukia uzio. Avae suruali ya kubana ya sufu au ya nailoni ndani, gauni linaloishia chini ya goti juu yake, na koti la mvua linalofika mapajani. Mtandio ubanwe kwa pini chini ya koti, na kofia ya sufu juu yake. Suruali ya jinzi isivaliwe na yeyote: ikilowa haikauki mpaka jioni na inanyonya joto la mwili. Viatu viwe na meno marefu chini na vimeshavaliwa nyumbani angalau wiki moja. Bebeni chai ya moto kwenye chupa, chapati na tende, na maji lita moja kwa kila mtu. Kama mnaswali adhuhuri njiani, tokeni nje ya kijia upande uliokingwa na upepo. Kibla ni kusini-mashariki, karibu nyuzi 118 za dira, takriban upande wa Castleton. Oktoba makangaga yamegeuka rangi ya shaba na yanapendeza, lakini humo ndimo kupe wanaposhikilia. Jioni mkague mtoto nyuma ya magoti na kwenye mstari wa nywele, na kupe akipatikana ang'olewe kwa kibano karibu na ngozi, bila kumbana tumbo wala kumpaka mafuta. Huku kupe wanaweza kuleta ugonjwa wa Lyme, na dalili ni duara jekundu linalopanuka siku au wiki baadaye.

Kama mtoto atabaki na nguvu mkiwa Castleton, mpelekeni magharibi mwa kijiji, kilomita mbili hivi, akaone barabara iliyovunjika. Sioni kitu kingine Uingereza kinachofundisha jiolojia vizuri hivi. Mam Tor imejengwa kwa tabaka za mawe ya mchanga na za mwamba laini wa tope, zote zikiwa zimekaa juu ya mwamba wa tope mtupu. Kama miaka 4,000 iliyopita upande wake wa mashariki uliporomoka, na lile rundo halijatulia hadi leo. Maji ya mvua yanapenya, mwamba wa tope unalainika, na mzigo wote unasogea, hasa baada ya msimu wa baridi wenye mvua nyingi. Barabara kuu ya A625 ilipitishwa juu ya rundo hilo. Kila ilipopasuka ilijazwa lami mpya, na lami ile iliongeza uzito juu ya ardhi iliyokuwa inashindwa kujibeba. Mwaka 1979 wakasalimu amri na kuifunga moja kwa moja. Leo inatembelewa kwa miguu: vipande vimeshuka kama ngazi, na kwenye ukingo uliovunjika unaweza kuhesabu tabaka za lami, moja juu ya nyingine, kila moja ikiwa ni tengenezo lililoshindwa. Msikae chini ya uso wa kilima wenyewe. Mawe yanaanguka bila kutoa taarifa.

Jioni ya kabla ya safari someni utabiri wa milima wa Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, kwa Peak District, si ule wa Manchester. Tazameni vitu viwili. Mawingu yakiwa chini ya mita 500, juu hamtaona chochote zaidi ya viatu vyenu. Na upepo umeandikwa kwa maili: mawimbi ya upepo yakifika maili 35 kwa saa, mtoto na mzee wasipande. Siku kama hiyo isipotezwe. Bakini kwenye treni hiyo hiyo hadi Grindleford, vituo vitatu baada ya Hope. Korongo la Padley linaanza karibu na kituo: msitu wa mialoni ya zamani, kijito kinachoruka juu ya mawe makubwa, na Oktoba majani yamegeuka dhahabu. Upepo haufiki humo, na mama anaweza kugeuza wakati wowote na kurudi kituoni.

Dharura ikitokea, pigeni 999, ombeni polisi, kisha waambieni mnahitaji uokoaji wa milimani. Huduma ni bure. Tajeni marejeo ya ramani ya mahali mlipo. Kilele cha Mam Tor ni SK 127 836. Kwa kuwa mtandao huko unasuasua, tumeni leo neno register kwa ujumbe mfupi kwenda 999 na mfuate majibu, ili siku hiyo muweze kuomba msaada kwa ujumbe hata kama sauti haipiti. Na mtoto avae kipenga shingoni: akipotea asimame pale pale, apulize mara 6 ndani ya dakika moja, anyamaze dakika moja, kisha arudie hadi afikiwe.